Mwaka wa Kutougua

Ofisi ya Mzee Kusakabe ilikuwa juu ya duka la kinyozi, karibu na stesheni ya Kani, na kila aliyepanda ngazi zake alifika juu akinukia sabuni ya ndevu. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia watu maombi ya serikali: leseni, mirathi, vibali. Wenyeji kwa wageni walimwita Mwalimu, ingawa katika maisha yake hajapata kusimama mbele ya darasa.

Jumamosi moja ya Aprili, Teodora Magbanua alikaa mbele ya meza yake akimtazama anavyofunua karatasi alizomletea. Vyeti vya kodi, stakabadhi za pensheni, barua ya wakala wa kazi. Dora, kama walivyomzoea, alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alitoka Iloilo, Ufilipino, akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, akaolewa na fundi bomba wa hapo Kani, akazaa naye mtoto mmoja, Chinatsu. Kisha mume akahamia Osaka kwa mwanamke mwingine, na tangu siku hiyo hakusikika, si sauti si senti. Chinatsu alikuwa Mjapani kwa baba yake. Dora alikuwa mkaazi kwa sababu ya Chinatsu. Kila mwaka alikwenda ofisi ya uhamiaji ya Nagoya kuomba kibali cha mwaka mwingine, na kabla ya Aprili ijayo mtoto angetimiza kumi na minane.

"Ndiyo maana naharakisha, Mwalimu," alisema. "Niko hapa kwa ajili ya kumlea. Akishakuwa mtu mzima watauliza, sasa wewe mama unabaki kufanya nini?"

"Hawaulizi hivyo."

"Hawaulizi. Ila wananipa mwaka mmoja mmoja, kama dawa ya kikohozi."

Kusakabe hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya karatasi moja, na Dora alijua ni ipi kabla hajaitazama.

"Hapa," mzee alisema. "Miezi kumi na moja uliishi kwa msaada wa serikali."

"Kiwanda kilipunguza watu, na mume alishaondoka zamani na kitabu cha benki. Mtoto alikuwa akila chakula cha shule tu. Ikifika Jumapili tunalala mapema."

"Sikulaumu. Msaada uliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Lakini anayeomba ukaazi wa kudumu wanamtazama kama anasimama kwa miguu yake mwenyewe, na wanatazama nyuma miaka mitano." Alikusanya karatasi akazigonga mezani zikae sawa. "Aprili ijayo miezi hiyo itakuwa imeshapita. Kipato chako sasa kimefika panapotakiwa, ingawa umepashika kwa ukucha. Subiri mwaka mmoja, Bi Magbanua."

"Na huo mwaka nifanye nini?"

"Hicho unachofanya. Usipoteze kazi. Usichelewe kulipa pensheni hata siku moja. Na usiugue."

"Kwani kuugua napanga mimi?"

"Nakuambia tu," mzee alisema, akamfungulia mlango.

*

Jumatatu Dora alimsimulia Nelia Catubay, rafiki yake wa miaka mingi, waliposimama pamoja kwenye mashine za kukagua vipuri vya magari. Nelia alikuwa amepata ukaazi wa kudumu zamani, kupitia mume, na tangu hapo alijiona wakili.

"Mzee kakwambia kweli, ila kakupunguzia," Nelia alisema. "Shoga, si ule msaada mkubwa tu. Chochote. Serikali ikikupa hata leso, usijifute."

"Hata posho ya mama asiye na mume?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Yule mama wa Davao aliyekuwa anakaa nyuma ya duka la samaki, unamkumbuka? Walimkataa. Alikuwa anaichukua."

"Ulijuaje kwamba ni hiyo?"

"Watu walisema."

Dora hakuuliza watu gani. Mtu mwenye hofu hahitaji ushahidi, anahitaji wa kumwitikia tu. Mwezi wa Agosti ilipokuja bahasha ya halmashauri ya kuhuisha posho ya mzazi anayelea peke yake, aliitia chini ya magazeti ya kutupa. Chinatsu, aliyekuwa na kazi ya kufunga magazeti kwa kamba kila mwisho wa mwezi, akaiona.

"Mama, hii haijafunguliwa."

"Najua."

"Hii ndiyo inayolipa nauli yangu ya shule."

"Mwaka huu tutalipa wenyewe. Ni mwaka mmoja tu, mwanangu."

Chinatsu alikuwa binti mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunyoosha vitu vilivyopinda mezani anapofikiri. Alinyoosha bahasha ile ikalingana na ukingo wa meza. Wiki iliyofuata aliacha mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde, aliyokuwa akiyapenda tangu darasa la saba, akaanza kuosha vyombo kwenye duka la tambi jioni tatu kwa wiki. Hakusema kwa nini, na Dora hakumuuliza, kwa sababu alijua.

Lakini lililomtesa Dora mwenyewe lilikuwa limeanza hata kabla ya hapo. Tangu Juni hedhi yake ilikuwa haiishi. Ilikuja nzito, ikakaa siku kumi, ikapumzika siku tano, ikarudi. Alinunua pedi za kulalia akazivaa kazini mbili mbili, chini ya suruali ya buluu ya kiwanda. Kupanda ngazi za ghorofa ya tatu wanapoishi kukawa safari ya vituo: anapumzika ghorofa ya kwanza akijifanya anatafuta funguo, ya pili akijifanya anafunga kamba za viatu. Alijikaza kisabuni. Aprili ilikuwa mbali, lakini ilikuwa inakuja.

"Umekuwa mweupe kama mwanasesere wa dirishani," Nelia alimwambia mwezi wa Oktoba. "Nenda hospitali."

"Daktari atanipa mapumziko. Wakala hapendi watu wa mapumziko."

"Nenda basi umwambie asikupe mapumziko."

"Wewe si uliniambia nisijifute hata kwa leso?"

"Nilisema leso. Sikusema ufe."

Wiki ya pili ya Novemba, saa nne asubuhi, Dora alikuwa ameshika kipuri mkononi akikigeuza kwenye taa. Aliona taa inakuwa mbili. Aliposhtuka alikuwa sakafuni, Nelia amempakata kichwa, na msimamizi amesimama na simu sikioni.

"Usiite gari la wagonjwa," Dora alimwambia. "Tafadhali. Niko sawa. Nipe dakika kumi."

Msimamizi, kijana wa watu asiye na ubaya, alitazama sakafu chini ya Dora, akageuza uso, akaendelea kupiga simu.

*

Walimwongezea damu chupa tatu. Daktari alisema ni uvimbe kwenye mji wa mimba, mmoja mkubwa kama chungwa na mingine midogo, na kwamba ungetolewa Juni angekuwa ameshasahau. Sasa lazima kwanza damu ipande, kisha upasuaji, kisha mapumziko marefu. Alisema miezi mitatu kwa jumla. Dora aliitikia kwa adabu. Daktari alipotoka aliangua kilio, akajifunika shuka asije akamsumbua bibi wa kitanda cha jirani.

Kesho yake alikuja mshauri wa wagonjwa wa hospitali ile, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Iwatsuki, amebeba fomu na kalamu mbili.

"Bi Magbanua, umejiandikisha kwenye bima ya wafanyakazi. Siku ambazo huwezi kufanya kazi, bima itakulipa posho ya ugonjwa. Ni kama theluthi mbili za mshahara. Weka saini hapa, mengine nitafuatilia mimi kwa daktari na kwa mwajiri wako."

"Ahsante sana," Dora alisema. "Sitaki."

Iwatsuki alidhani hakueleweka. Akarudia polepole, kwa maneno mepesi.

"Nimeelewa, dada yangu. Sitaki pesa ya serikali. Nina ombi Aprili."

"Lakini hii si ya serikali." Iwatsuki alivuta kiti. "Una karatasi ya mshahara?"

Chinatsu, aliyekuwa amekaa pembeni na sare ya shule, alitoa moja kwenye mkoba wa mama yake. Iwatsuki akaonyesha mstari kwa ncha ya kalamu.

"Unaona hapa? Kila mwezi wanakukata. Miaka minne umekuwa ukiwalipia wengine wanaougua, leo umeugua wewe. Hapo msaada uko wapi?"

Dora alitazama mstari ule. Alikuwa akiuona kila mwezi na hakuwahi kuusoma.

"Watu wanasema chochote unachopokea kinaandikwa," alisema.

"Watu gani?"

Dora alikunja karatasi ya mshahara. Chinatsu akasema, "Mama, nimpigie Mwalimu?"

Mzee Kusakabe hakutaka kuzungumza kwa simu. Alikuja mwenyewe jioni ile, kofia mkononi, na mfuko wa machungwa madogo ambao hakujua auweke wapi. Alimtazama Dora, akatazama chupa ya damu iliyoning'inia, akakaa chini taratibu kama mtu anayejitayarisha kupokea matusi.

"Nilikwambia usiugue," alisema.

"Ulisema, Mwalimu."

"Miaka thelathini na sita nafanya kazi hii na sijasema neno la kipumbavu kama lile. Nilidhani natania. Mtu anayengoja kibali hataniwi hivyo." Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia magoti. "Nisamehe."

Hakuna mtu mzima wa kiume aliyewahi kumwomba radhi katika nchi hii, wala katika ile aliyotoka. "Niambie tu kama nisaini," alisema.

"Saini. Saini leo. Posho ya ugonjwa haitakuharibia kitu."

"Na ile ya mama asiye na mume? Niliiacha Agosti."

Kusakabe aliinua uso. "Uliiacha kwa nini?"

"Kwa ajili ya ombi."

"Hiyo ni ya mtoto. Sijawahi kuona ombi lililokataliwa kwa ajili ya hiyo."

Dora aligeuka akamtazama Chinatsu, na mikono yake iliyochubuka kwa sabuni ya vyombo. Chinatsu alikuwa ananyoosha machungwa juu ya kabati dogo la kitanda, moja moja, yakae mstari.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini wakala wa kazi alikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu, na ule uliokwisha Desemba hakuuendeleza. Barua ilikuwa ya heshima, yenye kumtakia afya njema. Nelia alipiga kelele ofisini kwa wakala mpaka wakamtishia na yeye, kisha akaja nyumbani kwa Dora na sufuria la uji wa wali na kuku, wenye tangawizi nyingi.

"Kula," alisema. "Mimi ndiye niliyekuponza na mdomo wangu."

"Mdomo ni wako, masikio ni yangu," Dora alimjibu. "Hukunifunga kamba."

Posho ya ugonjwa ilikuja, ikalipa kodi ya nyumba na umeme. Mwisho wa Februari Dora alianza kazi kwenye kiwanda cha kupakia chakula cha mchana kwenye vijaluba: wali, kipande cha samaki, yai lililokunjwa, kachumbari ya figili. Kazi ilikuwa ya baridi na mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule wa vipuri, lakini hakuna aliyenyanyua kitu kizito, na bima ilikuwemo.

Wiki hiyo hiyo Chinatsu alipata barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi huko Tajimi. Dora aliisoma mara nne. Akaibandika kwenye friji kwa sumaku, akaitoa, akaibandika juu zaidi.

Machi walikwenda pamoja kwa Mzee Kusakabe. Mzee alipanga karatasi za miaka mitano mezani, akajumlisha, akajumlisha tena, akavua miwani.

"Ile miezi kumi na moja imeshapita," alisema. "Hilo limekwisha. Tatizo ni mwaka jana, na huu. Posho ya ugonjwa haikudhuru, lakini haitozwi kodi, kwa hiyo kwenye cheti cha kodi haionekani. Wao wanasoma cheti. Watakachoona ni mtu ambaye kipato chake kimeanguka."

"Kwa hiyo haihesabiki ubaya, wala haihesabiki uzuri," Dora alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Kama vile sikuwepo."

Mzee alisugua macho. Kisha akasema, kama anayezungumza na ukuta, "Wanatazama kipato cha nyumba nzima. Angekuwepo mtu mwingine nyumbani mwenye mshahara…" Akajizuia, akavaa miwani. "Basi. Tutafikiri."

Njiani kurudi Chinatsu alitembea nyuma, macho chini. Dora alidhani amechoka.

Siku tano baadaye Nelia alipiga simu. Safari hii alinong'ona, na Nelia kunong'ona ni habari peke yake. "Shoga, mtoto wako alikuwa hapa kwa wakala leo. Kajaza fomu ya kazi ya kudumu, zamu ya mchana. Kaniambia nisikwambie. Nikamwambia sawa, sikwambii."

"Ahsante."

"Sijakwambia."

Dora alimkuta Chinatsu ameketi kwenye meza fupi, miguu chini ya blanketi palipo na joto, akila wali wa jana. Alikaa upande wa pili, akaingiza miguu yake pia.

"Umejaza fomu kwa wakala."

Chinatsu aliweka vijiti chini. "Shangazi Nelia ana mdomo."

"Anao, na leo nimeushukuru. Na ada ya kujiunga chuo? Mwisho wake lini?"

"Kesho kutwa."

"Ulikuwa unaniambia lini?"

"Mama, ni miaka mitatu tu. Wewe ukipata karatasi yako, nitasoma baadaye."

"Hiyo Baadaye iko mkoa gani? Niambie nipande treni nikaione."

"Usinitanie."

"Sitanii. Mimi niliambiwa nitasoma baadaye nikiwa na umri wako. Nimefika hapa, sijaiona."

Chinatsu alianza kunyoosha vijiti, akaviacha. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Unajua tangu nikiwa darasa la kwanza, siku unazokwenda Nagoya, nilikuwa nikirudi shule sivui viatu? Nakaa pale mlangoni. Nilikuwa nafikiri siku moja watasema basi, na wewe hutarudi. Na nilikuwa najua unakaa hapa kwa sababu mimi ni mdogo. Darasani watoto wote walikuwa wanataka kukua haraka. Mimi sikutaka. Mwezi uliopita nimetimiza kumi na minane, wewe ukanipikia tambi na ukacheka, mimi nilikuwa nataka kutapika. Basi niache niwe na faida, Mama. Kama kukua kwangu ndiko kunakokukata, acha mshahara wangu ukuunge."

Dora alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika kiganja. Alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Miaka kumi na miwili alikuwa akirudi kutoka Nagoya na keki ndogo ndani ya boksi, akimkuta mtoto mlangoni na viatu miguuni, na alidhani anangoja keki.

"Nisikilize," alisema. "Mimi sikuzaa kibali. Nilizaa mtoto. Wakinipa mwaka mmoja mmoja mpaka nizeeke, nitakwenda Nagoya na mkongojo. Lakini wewe ukiacha chuo kwa ajili yangu, hiyo karatasi nitaiweka wapi? Nitaitazama kwa jicho gani?"

"Na wakikataa?"

"Wakikataa nitaomba tena. Hakuna sheria ya kuomba mara moja."

Chinatsu alilia, na Dora akamwacha alie. Wali ulipoa na hakuna aliyeumaliza.

Asubuhi Dora aliomba ruhusa kazini, akaenda halmashauri, kwenye dirisha ambalo tangu Agosti alikuwa akipita mbali nalo kama mdeni anavyopita duka. Aliomba vitu viwili: posho ya mzazi anayelea peke yake irudishwe, na mkopo wa masomo kwa watoto wa akina mama wa namna hiyo. Mkalimani wa Kitagalogi alimuuliza kama aje amsaidie kujaza fomu.

"Nitajaza mwenyewe," Dora alisema. "Leo nataka kusoma kila mstari."

Jibu la mkopo lingechukua wiki kadhaa, na ada ya kujiunga ilikuwa ya kesho. Nelia aliposikia alisema Dora amejichongea, serikali sasa ina jina lake kwenye madaftari mawili. Alilisema hilo akiwa anafungua pochi yake, na ada ikalipwa siku ile ile.

*

Mwishoni mwa Aprili, kama ilivyopangwa, Mzee Kusakabe alipeleka ombi. Alikuwa amemwonya. "Uwezekano mkubwa watakataa. Tungoje miaka miwili, kipato kitulie."

"Peleka, Mwalimu. Wakikataa watasema sababu. Nimechoka kuogopa kitu nisichokijua jina."

Mzee aliambatanisha barua ya kurasa tatu aliyoiandika mwenyewe, juu ya ugonjwa, mkataba uliokatika na kazi mpya. Hakumtoza senti kwa barua ile.

Jibu lilikuja Januari, bahasha nyembamba. Dora na Mzee Kusakabe walikwenda Nagoya pamoja kusikiliza sababu, kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vitatu. Ofisa alikuwa kijana mwenye tai ya kijivu na mafua, akiomba radhi kila anapopiga chafya.

"Naomba kuuliza," Dora alisema. "Ni ile miezi kumi na moja ya msaada, zamani?"

Kijana alifunua faili. "Hapana. Hiyo haikuhusika."

"Ni posho ya ugonjwa?"

"Hapana."

"Ya mtoto? Au mkopo wa shule?"

"Hapana, Bi. Ni kipato cha miaka hii miwili, hakitoshi kuonyesha kwamba maisha yako yana uhakika. Kodi na pensheni yako havina doa. Kipato kikipanda na kukaa, unaweza kuomba tena." Akasita, akafunga faili. "Pole kwa kuugua."

Dora alishukuru. Nje, kwenye ngazi, alikaa chini ghafla, na Mzee Kusakabe akadhani ameishiwa nguvu tena. Alipoinama kumtazama aliona anacheka, machozi yanamtoka, mkono umeshika tumbo pale penye kovu.

"Mwalimu, nilivaa pedi mbili mbili miezi mitano," alisema. "Kwa kitu ambacho hakikuhusika."

Mzee alikaa pembeni yake kwenye ngazi ya saruji, bila kuijali suti yake nzuri, na watu wakawapita kushoto na kulia.

*

Kiangazi kile alipokwenda kuhuisha kibali cha kawaida walimpa miaka mitatu badala ya mmoja. Hakuna aliyemweleza kwa nini, na yeye hakuuliza, asije akawakumbusha. Kiwandani walimfanya kiongozi wa mstari, kwa sababu alikuwa akijua kuwagombeza watu bila kuwavunja. Chinatsu alihitimu, akaajiriwa hospitali moja ya Tajimi, wodi ya wazee, akaanza kuulipa mkopo kidogo kidogo bila kuambiwa. Mwaka wa pili wa kazi yake alimwambia mama yake: "Sasa andika mshahara wangu kwenye hizo karatasi. Chuo nimemaliza. Huna tena sababu ya kukataa." Na kweli Dora hakuwa nayo.

Ombi la pili lilichukua miezi kumi na mitatu. Kadi ya posta ilipofika, ya kumwita Nagoya na pasipoti na stempu za malipo, Dora alikuwa na miaka hamsini. Alikwenda peke yake, siku ya kazi. Alinunua stempu kwenye duka la chini, akangoja namba yake saa mbili kati ya vijana wa Kivietnamu na mama mmoja wa Kibrazili mwenye mapacha, akaitwa, akasaini, akapewa kadi ya ukaazi wa kudumu. Mtu wa dirishani alimwomba ahakikishe jina limeandikwa sawa. Lilikuwa sawa.

Alimpigia Chinatsu, simu ikaita bila kupokelewa, alikuwa zamu. Alimpigia Nelia, na Nelia akalia kwa sauti mpaka Dora akasogeza simu mbali na sikio.

"Nilikwambia watakupa," Nelia alisema.

"Hukuwahi kuniambia hivyo hata siku moja."

"Basi nakwambia sasa."

Kwenye treni ya kurudi alipata kiti karibu na dirisha. Alikusudia kuitazama kadi taratibu, lakini joto la kiti na mtikisiko wa reli vilimzidi, akalala, na hakujua alilala vipi, maana alikuwa mtu wa kuamka hata kwa kikohozi cha jirani. Dereva ndiye aliyemgusa bega. Behewa lilikuwa tupu, nje kuna milima na jukwaa dogo lenye taa moja. Simu ilikuwa inaita mkononi mwake.

"Mama, nimeona umepiga. Wamesemaje? Uko wapi?"

"Mitake."

"Mitake? Mwisho wa reli? Unafanya nini huko?"

"Nimepitiliza kituo," Dora alisema. "Wamenipa, mwanangu. Nililala."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za wodi, kengele ya mgonjwa mahali fulani, na Chinatsu akivuta pumzi.

"Treni ya kurudi saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

Dora alimuuliza dereva. Dereva alisema ni hii hii, baada ya dakika kumi na mbili, na kwamba mama anaweza kubaki amekaa pale pale alipo.

"Ya sasa hivi," Dora alisema. "Nenda kazini. Kuna mtu anakuita."